Insha nyuma ya daftari la mahindi: Mwanahistoria anapoomba kusomea biashara

NAMANGA. Sokoni wanamwita Mwalimu, ingawa hajawahi kupokea mshahara wa ualimu hata wa mwezi mmoja. Alisomea shahada ya elimu, masomo yake ya kufundishia yakiwa Kiswahili na Historia, akamaliza na GPA ya 3.1. Aliomba ajira mara tatu bila kuitwa. Mjomba wake alikuwa akipeleka mahindi Nairobi, na siku moja msimamizi wa mzigo wake akaugua. Mwalimu akapanda Fuso kwenda kusaidia, safari hiyo moja tu.

Huu ni mwaka wa nane. Madalali wa soko la Kibaigwa anawajua kwa majina, na wanunuzi wa Nyamakima wanamjua yeye. Akichota mahindi kiganjani na kuyatikisa anakwambia kama yamekauka sawasawa au yamewahishwa sokoni.

Nilimkuta kwenye kibanda cha chai upande wa Tanzania, mwendo mfupi kutoka kituo cha pamoja cha mpakani. Mezani palikuwa na daftari la mauzo, limefunguliwa kuanzia nyuma. Kurasa za mbele zilijaa hesabu za mizigo: tarehe, magunia, bei ya kununulia, bei ya kuuzia, gharama za njiani. Kurasa za nyuma kulikuwa na insha.

Anaomba nafasi ya kusoma shahada ya uzamili ya biashara ya kimataifa. Fomu inamtaka aeleze, kwa maneno yasiyozidi 800, yeye ni nani, kwa nini ameichagua fani hiyo na kwa nini sasa. Ameniomba nisimtaje jina wala nisikitaje chuo, maana maombi bado yako mezani. Mwaka jana aliomba kwingine, akakataliwa. Hii ni mara ya pili, na anasema ya tatu haipo.

“Ada ya mwaka wa kwanza ninayo,” aliniambia. “Nisipoitumia kusoma, naiongeza kwenye mtaji, nanunua mzigo wa pili. Basi, yamekwisha.”

Watu wa namna yake si wachache mipakani. Kaa Busia, Mutukula, Rusumo au Sirari, anza mazungumzo na wanaosubiri mizigo, na hutakosa mwenye shahada ya sosholojia anayeuza viatu, au aliyesomea kilimo na sasa ni wakala wa forodha. Wengine wanataka kurudi darasani, lakini si kwenye fani waliyoiacha. Wanataka kuisoma ile ambayo maisha yamewafundisha nusu yake. Hapo ndipo wanakutana na ukurasa mtupu, na ukurasa huo huwashinda watu ambao hakuna mnunuzi aliyewahi kuwashinda kwa maneno.

“Ingawa” saba

Nilimwomba anisomee insha iliyokataliwa. Aliisoma kwa sauti ya chini. “Ingawa nilisomea ualimu… Ingawa sikusoma hisabati kidato cha tano na cha sita… Ingawa wastani wangu si mkubwa…” Tulizihesabu “ingawa” na kupata saba kwenye ukurasa mmoja. Ilikuwa barua ya kuomba msamaha, na anayeombwa msamaha hajui hata amekosewa nini.

Mwalimu alicheka mwenyewe. Alisema hakuna mfanyabiashara anayefungua gunia mbele ya mteja akaanza kumwonyesha punje zilizooza.

Lakini rasimu ya pili, ile aliyokuwa nayo mezani siku hiyo, ilikuwa imeruka hadi upande wa pili. Ilianza hivi: “Tangu utotoni nimekuwa na ndoto ya kuwa mtaalamu wa biashara ya kimataifa.” Nikamuuliza, kama ndoto ilikuwa ya tangu utotoni, HKL ilitoka wapi? Mtu aliyebadili fani akidai kwamba hii mpya aliipenda siku zote, amejishtaki kwa mdomo wake, kwa sababu matokeo yake ya chuo yameambatanishwa na fomu na yanasema kitu kingine. Anayesoma maombi ameshayaona.

“Kama bambo,” akasema.

Mfano wake uko sawa. Mnunuzi wa nafaka hatazami juu ya gunia tu. Anachoma bambo hadi katikati, kinachotoka ndicho anachokinunua. Orodha ya masomo na alama ndiyo bambo la kamati ya udahili. Insha haiwezi kuibishia. Inachoweza kufanya ni kueleza njia ambayo mzigo umepita mpaka ukafika hapa.

Machi 2021

Njia hiyo ilikuwa wapi? Mwalimu alidhani hana. Alidhani historia ni kitu kimoja, mahindi ni kingine, na kati yake kuna shimo. Tuliagiza chai nyingine nikamwomba anisimulie siku aliyoikasirikia kazi yake kuliko siku zote.

Hakufikiri hata kidogo. Machi 2021.

Wasomaji wetu wanaikumbuka. Ijumaa ya Machi 5, Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya ilimwandikia kamishna wa forodha barua ya kuzuia mahindi yote kutoka Tanzania na Uganda, mara moja, kwa sababu vipimo vilionyesha sumukuvu kupita kiwango salama. Malori yakasimama. Siku chache baadaye zuio liliondolewa, lakini kwa masharti: mwagizaji awe amesajiliwa, mzigo uwe na cheti cha uasili, na uwe na cheti cha ubora kinachoonyesha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa kila bilioni.

Mwalimu alikuwa na magunia mia moja njiani. Alisubiri siku nne bila cheti chochote cha vipimo, kisha akageuza lori na kuyauza Arusha kwa hasara. Kwenye daftari safari hiyo imepigwa mstari kwa kalamu nyekundu.

Nikamuuliza alifanya nini siku hizo nne. Jibu lake ndilo lililoigeuza insha, ingawa yeye alilitaja kama jambo la kupitisha muda. Nakala ya barua ilikuwa inazunguka kwenye simu za madereva. Wenzake waliisoma kutafuta siku ya kufunguliwa. Yeye aliisoma kama alivyofundishwa chuoni kusoma waraka wa kale: nani kaandika, kamwandikia nani, anasema anajua nini, na nini hakukitaja. Akaona barua inazungumza na forodha, haizungumzi na mkulima wala na mwenye lori. Akaona inataja sumu bila kutaja nani atapima, wapi, kwa gharama ya nani. Alianza kuandika maswali pembezoni mwa daftari. Yapo hadi leo.

Hapo shimo halipo tena. Mwanahistoria alikutana na tatizo la biashara, akalikabili kwa zana aliyokuwa nayo, zana ikamfikisha mahali ikakwama. Maswali yaliyobaki yanataka zana nyingine, na hiyo ndiyo anayokwenda kuitafuta. Sentensi kama hiyo haiombi radhi kwa historia wala haiifichi. Pia inajibu “kwa nini sasa” bila kumtaja utoto mtu yeyote.

Sentensi aliyoifuta

Kuna sentensi moja iliyotuchukua muda mrefu kuliko nyingine zote. Kwenye rasimu aliandika kwamba wafanyabiashara wadogo wengi hupita njia za panya kwa kukosa elimu, na yeye angependa kusoma ili awaelimishe.

Inasomeka vizuri. Ni aina ya sentensi tunayoisikia kwenye ufunguzi wa semina. Nilimuuliza kama anaiamini.

Alikaa kimya, kisha akasema hapana. Wanaopita njia za panya anawafahamu, baadhi yao wana elimu kama yake. Hawapiti huko kwa kutojua. Wanapiga hesabu. Akavuta daftari, akalifungua mbele, akanionyesha: gharama aliyolipa kupima sampuli haikupungua kwa kuwa mzigo wake ni mdogo. Mwenye magunia mia tatu anaigawa kwa mia tatu. Yeye anaigawa kwa mia moja. Mwenye magunia ishirini juu ya pikipiki na mkokoteni hana wa kuigawia, faida yote inaishia kwenye kipimo. Ongeza siku za kusubiri majibu, maegesho ya lori, chakula cha dereva.

Akaendelea bila kuulizwa. Ule utaratibu rahisi wa Jumuiya, wa cheti cha uasili kwa mizigo isiyozidi thamani ya dola 2,000, unamsaidia mdogo kwenye karatasi za forodha, lakini haumwondolei kipimo cha usalama wa chakula. Na Fuso lake likijaa huwa linapita hizo dola 2,000, kwa hiyo yeye si mdogo wa kusaidiwa wala mkubwa wa kujitosheleza. Je, watu kumi wa aina yake wakiunganisha mizigo na kupima pamoja, gharama itashuka hadi wapi? Nani atakubali mahindi yake yachanganywe na ya jirani ambaye hakuanika vizuri?

Nikamwambia aandike hayo. Akashangaa: “Hii si insha, hii ni habari ya kibandani.”

Akaandika. Sentensi ya semina akaikata kwa mistari miwili. Nimesoma insha za maombi za watu kadhaa, na naweza kusema mahali pa kumtambua aliyebadili fani kikweli ni hapo. Aliyebadili jina la fani tu anaendelea kuhubiri. Aliyebadilika ameanza kupiga hesabu na kuuliza kitu ambacho jibu lake halijui.

Hisabati haibembelezwi

Sasa yale ambayo insha haiwezi. Mwalimu hakusoma hisabati tangu kidato cha nne. Nia yake ya kwanza ilikuwa uzamili wa uchumi, na huko ndiko alikokataliwa. Hakupewa sababu, ila sifa za kujiunga zilitaja wazi masomo ya hisabati na takwimu ngazi ya shahada. Kwa vyovyote hakuwa nazo. Angeandika kama malaika, matokeo yangekuwa yaleyale.

Elinor Ostrom, Mmarekani, aliwahi kuomba kusomea udaktari wa uchumi katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, akakataliwa kwa sababu hakuwa na hisabati iliyotakiwa. Akapokelewa sayansi ya siasa chuoni hapohapo, akamaliza mwaka 1965, na mwaka 2009 akawa mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya Uchumi. Hadithi hii husimuliwa kuwafariji waliokataliwa. Mimi naiona kwa jicho la wakala wa mizigo: mlango wa uchumi haukufunguka. Aliingia wa jirani, na maswali yake akaingia nayo.

Mwalimu amefanya hivyohivyo. Programu anayoiomba sasa inapokea shahada ya fani yoyote ikiambatana na uzoefu wa kazi. Na kabla ya kuomba alisoma kozi fupi ya takwimu, jioni, mjini Arusha, kisha akahamishia bei zake zote za Kibaigwa na Nyamakima kwenye jedwali la kompyuta, safari kwa safari. Ndani ya insha mambo haya yamechukua sentensi tatu: hisabati yangu iliishia kidato cha nne, nimesoma takwimu, na hiki ndicho nilichofanya nazo. Hakuna “ingawa”.

Kwa ambao hata mlango wa jirani ni mgumu, vyuo vingi vina stashahada ya uzamili ya mwaka mmoja, na huko masharti ya fani huwa mepesi zaidi. Ni mwaka wa ziada na ada ya ziada, ila mwisho wake unakuwa na alama za fani mpya za kuonyesha.

Suala la ufadhili limeshamgusa pia. Ufadhili wa DAAD kwa masomo ya uzamili ndani ya kanda yetu, kwa mfano, kwa kawaida hutaka shahada yako ya mwisho isiwe imepita miaka sita. Yeye imepita. Miaka ya barabarani, ambayo ndani ya insha ni mali, kwenye fomu ya ufadhili ikamgeukia. Mwenye mpango huu akiwa bado mwaka wa tatu au wa nne tangu ahitimu, na aanze kuuliza sasa.

Anayetaka kusoma ng'ambo ya mpaka ana jambo jingine la kufuatilia. Mei 2017, jijini Dar es Salaam, wakuu wa nchi za Jumuiya walitangaza Afrika Mashariki kuwa eneo moja la elimu ya juu, na Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki lenye makao yake Kampala ndilo lenye kazi ya kulisimamia. Hata hivyo, usiingie na tangazo mkononi ukadhani ni kibali. Uliza chuo chenyewe, kwa maandishi, kama raia wa nchi jirani analipa ada ya mwenyeji au ya mgeni, na cheti chako kinatakiwa kuhakikiwa na nani. Uhakiki huchukua muda, na tarehe ya mwisho haikusubiri.

Wadhamini wawili

Fomu ilitaka wadhamini wawili wa kumwandikia barua. Mhadhiri wake wa zamani alijibu ujumbe wa kwanza kwa kuuliza, kwa upole, yeye ni yupi. Mwalimu akamtumia kazi yake ya mwaka wa tatu, iliyohusu misafara ya pembe na watumwa kutoka Tabora kwenda pwani, pamoja na rasimu ya insha. Mhadhiri akamkumbuka. Barua yake, kwa aliyoyasikia Mwalimu, inasema mwanafunzi huyu alikuwa anauliza chakula cha wapagazi kililipwa na nani, wakati wenzake wanauliza msafara ulikuwa wa nani.

Mdhamini wa pili ni wakala wa forodha aliyefanya naye kazi miaka sita. Hana shahada. Baadhi ya watu walimshauri Mwalimu atafute mtu mwenye cheo. Mimi nilikuwa upande wa wakala. Mwenye cheo angeandika kwamba Mwalimu ni mchapakazi. Wakala ameandika ni mizigo mingapi waliivusha pamoja, na mara ngapi karatasi zake zilirudishwa.

Insha yenyewe inatakiwa kwa Kiingereza. Mwalimu aliiandika yote kwa Kiswahili kwanza, na naona alifanya vema. Rasimu yake ya mwaka jana aliianza moja kwa moja kwa Kiingereza na ilijaa maneno ya kuazima kutoka ripoti za mashirika, ambayo hata yeye hakuweza kunieleza maana yake. Uongo wa Kiingereza mtu anaweza asiusikie. Wa Kiswahili ulimkwaruza mwenyewe alipousoma kwa sauti, na mama muuza chai, ambaye alikuwa anasikiliza muda wote, aliguna mara mbili mahali palepale ambapo baadaye palifutwa.

Toleo la mwisho lina maneno 780. Linaanza na lori lililosimama na barua kwenye simu. Historia inaingia aya ya pili, kama namna ya kusoma. Hesabu ya kipimo inachukua katikati yote. Mwishoni kuna swali la mizigo ya kuunganisha na majina ya masomo mawili ya programu hiyo ambayo yangemsaidia kulijibu. Utoto haumo.

Alituma Alhamisi usiku, siku moja kabla ya dirisha kufungwa, kwa intaneti ya simu, akiwa amesimama nje ya kibanda ambako mtandao wa upande wa Tanzania haukatizwi na wa upande wa Kenya. Ilikataa mara mbili. Mara ya tatu ujumbe wa kupokelewa ukaingia, akaupiga picha, akanionyesha bila kusema neno.

Majibu yanatarajiwa baada ya wiki sita. Dereva alikuwa anapiga honi. Mwalimu akalipa chai zetu, akaligeuza daftari upande wa mbele, akaandika tarehe na idadi ya magunia, akapanda.